Tofali la Mwenyekiti

Neno janga katika Kiswahili lina maana ya msiba au balaa, na mgeni asikiapo kwamba mtu ametoka Janga hucheka kwanza kabla ya kuuliza njia. Sisi tuliozaliwa huko hatukuona balaa lolote katika jina hilo. Utotoni mwangu Janga ilikuwa ni mashamba ya mihogo, minazi na miembe, njia ya vumbi iliyotokea Mlandizi, na bonde la mto Ruvu lililotupa mpunga katika mwaka mwema na mafuriko katika mwaka mbaya. Balaa ninalokusudia kulisimulia hapa halikuletwa na jina la mahali, wala halikuletwa na mto. Nililileta mimi mwenyewe, kwa nia njema, katika siku zangu za mapumziko, na bila ya kulipwa hata senti moja.

Nalisimulia kwa sababu vijana wengi wameniuliza ni nini hasa kimpasacho mtu anayeongoza chama cha kitaaluma, yaani chama cha watu wa fani moja, kama wahandisi au mafundi, ambao hukutana baada ya kazi zao ili kukuza elimu yao na kuwatumikia wananchi. Wapo wanaodhani kwamba mambo ya namna hiyo hayahusu utamaduni wa taifa. Kwao utamaduni ni ngoma, mavazi, hadithi na vyakula; ama chama chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hicho ni kitu kilichotoka ng'ambo pamoja na karatasi zake. Mimi nimefikia maoni mengine, na mwalimu wangu wa kwanza katika jambo hili hakujua kusoma wala kuandika.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mfinyanzi. Walikuwa wanawake watano au sita waliofanya kazi hiyo pamoja. Walichimba udongo mahali pamoja, wakaubeba vichwani, wakauponda, wakaukanda, na siku ya kuchoma walipanga vyungu vyao vyote katika rundo moja, wakavifunika kwa kuni, majani makavu na makumbi ya nazi. Walikuwa na mkubwa wao, na kwa miaka mingi mkubwa huyo alikuwa bibi yangu. Ukubwa wenyewe haukuwa na mshahara. Ulikuwa na kazi tatu: kufika machimboni kabla ya wengine, kuwafundisha wasichana bila ya kuwaficha kitu, na kugonga vyungu vilipotoka motoni.

Kugonga huko ndiko ninakokukumbuka zaidi. Alikishika chungu kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia, akasikiliza. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa husema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kile kilichosema vibaya kilivunjwa pale pale mbele ya wote, na vigae vyake vikawekwa kando ili visagwe na kuchanganywa katika udongo wa safari nyingine. Baadaye nilifundishwa sababu yake kwa lugha ya kitaalamu: kigae kilichokwisha kupita motoni hakisinyai tena, kwa hiyo huuzuia udongo mbichi usipasuke unapokauka. Bibi hakuijua lugha hiyo, lakini kazi ya kigae aliijua vizuri.

Nilichokuwa sikukitambua wakati ule ni mpango wa kugonga. Chungu cha kwanza kugongwa, kila mara, kilikuwa chake yeye mwenyewe. Siku moja chungu chake kikubwa cha kuwekea maji, alichokifanyia kazi kwa siku nyingi, kilitoa sauti ya mafua. Alikitazama kwa muda, akakivunja, kisha akamwambia msichana aliyekuwa akimfuata, "Haya, lete chako." Msichana yule alikileta bila hofu.

Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nami nilibahatika kuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa miaka ile ya mwanzo. Fani iliyonivuta ni ile inayochunguza vitu vyenyewe vinavyotumika kujengea na kuundia: udongo, chuma, saruji, mbao na mawe. Siku hizi tunaiita uhandisi wa vifaa. Mhandisi wa fani hii huuliza kwa nini kitu kimoja ni kigumu na kingine ni laini, kwa nini hiki huvunjika ghafula na kile hupinda kwanza, na moto, maji na miaka hukifanyia nini kila kimoja. Tulisoma habari za kaolini, ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ufaao kwa kutengenezea vyombo vya kauri. Tulijifunza kwamba hakuna udongo uitwao udongo tu. Kila udongo una tabia yake, na asiyeichunguza tabia hiyo hana haki ya kuutumia.

Hayo niliyaandika katika daftari, nikayajibu katika mtihani, nikafaulu.

Wakati huo taifa letu lilikuwa katika kazi kubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule aipate elimu ya msingi, na mwaka 1977 ndio uliowekwa kuwa mwaka wa kulitimiza jambo hilo. Watoto walikuja kwa maelfu, na madarasa hayakuwapo. Vijiji vingi vilijijengea madarasa kwa nguvu zao wenyewe. Sisi vijana saba, wengine tukiwa tumetoka chuoni siku chache tu, tukaona si haki kukaa mjini na elimu yetu. Tukaunda umoja wetu mdogo, tukachagua viongozi, na mimi nikawa mwenyekiti. Kazi tuliyoichagua ilikuwa ni kuvisaidia vijiji kufyatua na kuchoma matofali. Tulikwenda kila Jumamosi mchana na kurudi Jumapili jioni, kwa nauli zetu.

Kijiji tulichoanza nacho kilikuwa jirani na kwetu. Jina lake sitalitaja. Tulifika mwaka 1978, baada ya mavuno. Wananchi walitupokea kwa vigelegele. Walichimba udongo pembeni mwa bonde, wakaukanda kwa miguu, wakafyatua matofali kwa kalibu za mbao tulizowapelekea. Yalipokauka tuliyapanga kuwa tanuri, tukaacha matundu ya moto chini, tukalikandika kwa udongo, tukachoma kuni usiku na mchana. Lilipopoa tulipata matofali kama elfu kumi. Kwa mbali yalipendeza sana kwa wekundu wake.

Niliporudi Janga kumwamkia bibi nilichukua tofali moja ili kumwonyesha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Ni tofali tulilochoma kule kijijini. Tunajenga darasa."

Alilipokea, akaligeuza, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akachokora kwa ukucha doa dogo jeupe lililokuwa ubavuni mwa tofali.

"Na hiki cheupe?"

"Ni kijiwe tu, bibi."

"Mmeliloweka?"

Nilicheka. "Bibi, yako matofali elfu kumi. Tuyaloweke wapi? Na tena sisi tunajitolea, hatulipwi na mtu."

Alinirudishia tofali langu. "Mvua nayo hailipwi, mume wangu," akasema. "Nayo itakuja tu."

Nililichukua neno hilo kuwa ni utani wa bibi na mjukuu wake. Darasa likajengwa, likaezekwa, na watoto arobaini na watano wakaingia.

Masika ya mwaka 1979 yaliponyesha, ukuta wa upande wa mashariki ulianguka. Ulianguka usiku wa Jumamosi, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuweza kuyaandika haya kwa mkono usiotetemeka. Nilipofika kesho yake nilikuta madawati sita yamefunikwa na kifusi. Niliyahesabu mara mbili. Katika kila dawati walikuwa wakikaa watoto watatu.

Sababu za kuanguka hazikuwa siri kwa mtu aliyesoma nilivyosoma mimi. Vile vijiwe vyeupe vilikuwa mawe ya chokaa. Jiwe la chokaa likipata joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi hutoa hewa iliyomo ndani yake na kugeuka kuwa chokaa hai. Chokaa hai ikipata maji, hata unyevu wa hewani, huvimba kwa nguvu, na ikiwa imefungiwa ndani ya tofali hulipasua kutoka ndani. Zaidi ya hayo, matofali ya pembeni mwa tanuri hayakuiva sawasawa, kwa hiyo yaliyanywa maji ya mvua na kulegea. Kuloweka matofali machache kwa siku kadhaa katika pipa moja la maji kungalituonyesha yote hayo kabla ya kujenga msingi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta wenyewe kwa nyufa.

Hata hivyo lililoniumiza zaidi si kuanguka kwa ukuta. Wazee wa kijiji walitukusanya chini ya mwembe, nami nikajiandaa kulaumiwa. Hawakutulaumu. Mmoja wao alisimama akatushukuru kwa moyo wetu, akasema kwamba ajali ni kazi ya Mungu, na kwamba mtu aliyepewa hana la kuuliza. Mkutano ulipokwisha, mzee mwingine alinifuata kando. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu wiki nyingi kabla ya mvua kubwa walikuwa wakiona matofali yakibanduka maganda, na vipande vikidondoka sakafuni wakati watoto wanasoma.

"Mbona hamkutuambia, baba?" nikamwuliza.

"Tuliona haya, mwanangu. Ninyi mlikuwa mmetupa."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo kiini cha insha hii. Mtu anayenunua tofali ana mdomo: akiuziwa bovu hulirudisha, akapiga kelele, akashtaki. Mtu anayepewa tofali bure amefungwa mdomo na shukrani. Mwenye kujitolea, kwa hiyo, hufanya kazi mahali ambapo hakuna mtu wa kumwuliza, na hapo ndipo palipo na hatari. Sisi tulidhani kwamba kwa kuwa hatulipwi, basi tumesamehewa kupimwa. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kutupima, wajibu wa kujipima ulikuwa wetu sote, na kwanza kabisa ulikuwa wangu mimi mwenyekiti.

Umoja wetu ulikutana wiki iliyofuata. Mwenzetu mmoja alitaka tunyamaze, kwa kuwa wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kutusamehe. Mwingine alipendekeza tuandike kwamba kuni hazikutosha, jambo ambalo lilikuwa na ukweli kidogo, na kwa hiyo lilikuwa hatari zaidi ya uongo mtupu. Nakiri kwamba nilivutwa na pendekezo hilo. Lakini Waswahili husema, mficha uchi hazai. Nikaandika taarifa ya kurasa mbili, nikaeleza kwamba mwenyekiti alionyeshwa doa jeupe na mtu mwenye ujuzi, akalipuuza. Nikaisoma mbele ya wenzangu, kisha nikaenda kuisoma mbele ya kijiji, chini ya mwembe ule ule. Wenzetu wawili hawakurudi tena katika umoja. Sikuwalaumu, maana si kila mtu aliyekuja kujitolea alikuwa amekubali na aibu pia.

Tulipoanza upya nilikwenda kwanza Janga. Nikamwomba bibi aje nami machimboni. Alikuja na wenzake wawili, wakalishika lile bonge la udongo, wakalionja kwa ulimi, wakalifikicha, wakatuambia tusichimbe pale. Tupande juu kidogo, kwenye udongo usio na vijiwe. Tulipanda. Udongo tulioupata tuliuchekecha. Tulichoma tanuri dogo la majaribio kabla ya lile kubwa. Na hapo tukaweka sharti ambalo umoja wetu haukuliacha tena: tofali la kwanza kupimwa katika kila tanuri litakuwa tofali lililofyatuliwa na mwenyekiti kwa mkono wake, nalo litapimwa na wanakijiji, si na sisi.

Mama mmoja wa kijiji kile alichaguliwa kuwa mpimaji. Alilipima tofali langu kwa mizani ya dukani likiwa kavu, akalitia katika pipa siku nzima, akalitoa, akalifuta, akalipima tena. Kisha akaliangusha juu ya ardhi ngumu kutoka kimo cha bega lake. Lilivunjika vipande viwili. Watu walinyamaza, wakanitazama. Nikasema, "Haya, tulichome upya tanuri la majaribio, na safari hii tusiuharakishe moto." Papo hapo kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwaka uliopita akasema kwamba matundu yetu ya moto yalikuwa yakielekea upande usiofaa kwa upepo wa kule. Alikuwa na haki. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu tanuri la kwanza.

Miaka iliyofuata nilisoma zaidi habari za vyama vya wahandisi wa vifaa katika nchi nyingine, na nilistaajabu kuona kwamba wao nao walianza kwa haya na kwa siri. Mjini Detroit, Marekani, mwaka 1913, William Park Woodside aliwakusanya watu wa kazi ya kukoleza chuma kwa moto. Wakati ule kila fundi aliuficha ujuzi wake: chuma kiwe chekundu kiasi gani kabla ya kuzamishwa, kizamishwe katika maji au katika mafuta. Walianza kukutana na kuambizana yaliyowashinda, na mkusanyiko huo mdogo ukakua ukawa chama cha kimataifa cha wataalamu wa metali na vifaa, kiitwacho leo ASM International. Kabla ya hapo, mwaka 1898, mjini Philadelphia, kilianzishwa chama cha kupima vifaa, ambacho baadaye kiliongozwa na Charles Dudley, mkemia wa shirika la reli. Dudley alikuwa ameona jinsi watengenezaji wa chuma cha reli na wanunuzi wake walivyogombana, kila upande ukishika vipimo vyake. Njia iliyofuatwa ilikuwa ni kuwaketisha muuzaji na mnunuzi katika kamati moja, wakubaliane jinsi ya kupima kabla ya kubishana juu ya kilichopimwa.

Hapa kwetu mfano unaonipendeza zaidi ni wa Buhaya. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa mkoa ambao leo unaitwa Kagera wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyofanya zamani. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu kazi hiyo iachwe, kwa sababu chuma kilichotoka nje kilikuwa rahisi kukipata. Majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri. Wazee wale hawakusingizia uzee. Waliyatazama makosa yao mbele ya vijana na mbele ya wageni, wakabadili hiki na kile, hata wakakipata chuma. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake, Donald Avery, waliuandikia ulimwengu wa sayansi juu ya ujuzi huo. Watu wengi husifu chuma kilichotoka katika tanuri lile. Mimi nasifu zaidi yale majaribio ya mwanzo, maana mzee aliyekubali kushindwa mbele ya wajukuu ndiye aliyewarithisha kazi yake.

Taifa letu nalo limejiwekea vyombo vya kupimana. Sheria ya kuwasajili wahandisi ilipitishwa mwaka 1968, na mahali pake ikachukuliwa na sheria ya mwaka 1997. Taasisi ya Wahandisi Tanzania, ambayo ni chama cha wahandisi wenyewe, ilianzishwa mwaka 1975. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuanzisha Shirika la Viwango Tanzania, ambalo katika kamati zake hukaa pamoja wenye viwanda, watumiaji na wataalamu. Ukiingia katika mkutano wa kamati ya namna hiyo utaona watu wakijadiliana saa nzima juu ya unene wa bati au kiasi cha chumvi katika mchanga. Kijana anaweza kudhani kwamba hapo hakuna kitu kikubwa. Na akumbuke tarehe 29 Machi 2013, siku ambayo jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya thelathini. Mazungumzo marefu na ya kuchosha juu ya vipimo hufanywa ili siku kama ile isirudi.

Nimetumika katika vyama vya kitaaluma kwa muda mrefu tangu darasa lile, mara nyingine kama katibu, mara nyingine kama mwenyekiti, na mara nyingi kama mwanachama wa kawaida aliyekaa viti vya nyuma. Siwezi kusema kwamba kazi hiyo ina utukufu. Kuna mikutano wanayoitwa watu hamsini wakaja tisa. Kuna ada zisizolipwa. Kuna wanaogombea uongozi ili cheo kiandikwe chini ya majina yao, na wakishachaguliwa huonekana siku ya picha tu. Kuna pia kosa la watu wema, ambalo ni gumu zaidi kulitibu: kiongozi anayefanya kila kitu peke yake, akachoka, akaanza kuwadai wenzake shukrani. Mtu wa namna hiyo akikosea hakuna atakayethubutu kumwambia, kwa kuwa amejitoa mno. Amewafunga wenzake midomo kama sisi tulivyowafunga wale wazee wa chini ya mwembe.

Kwa hiyo nikiulizwa kiongozi wa chama kama hiki afanye nini, hutaja mambo machache. Afike kabla ya wengine. Afundishe bila kuficha. Aandike makosa yake katika taarifa ya chama kwa wino ule ule anaoandikia mafanikio. Na amtafute mtu anayepokea huduma yake, amweke penye mizani, amsubiri aseme. Haya yote aliyafanya bibi yangu, na hakuyapata katika katiba yoyote iliyochapishwa. Ndiyo maana sikubali kwamba vyama vya kitaaluma ni wageni katika utamaduni wetu. Vyeo na mihuri vinaweza kuwa vimetoka mbali, lakini kanuni yenyewe ilikuwapo machimboni.

Kwa walimu ningependa kuomba jambo moja jepesi. Wapeni wanafunzi tofali la kuchoma, mizani na ndoo. Walipime likiwa kavu, walizamishe katika maji kwa saa 24, kisha walipime tena. Tofali lenye uzito wa kilo 2.5 likiwa kavu, likafikia kilo 2.9 baada ya kulowekwa, limekunywa gramu 400, yaani asilimia 16 ya uzito wake. Likinywa zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, lina mashaka. Waligonge na kusikiliza. Waliache hewani siku chache, walitazame kama linabanduka. Halafu wafanye hivyo hivyo kwa tofali la ukuta wa shule yao wenyewe, kama lipo lililosalia katika ujenzi, na majibu wayaandike kwa ukweli, hata kama hayampendezi mkuu wa shule. Hapo watakuwa wamejifunza sayansi na uraia kwa pamoja.

Bibi yangu alikwisha kufariki zamani. Wafinyanzi niliowajua wamekwisha, na katika jiko la Janga sufuria ya alumini imechukua mahali pa chungu. Siombolezi jambo hilo, kwa maana sufuria ni nyepesi na haivunjiki. Lakini lile tofali nililompelekea mwaka 1978 ninalo hata sasa. Doa lake jeupe lilikwisha kuvimba na kudondoka, likaacha tundu linaloweza kuingia ncha ya kidole. Kwa miaka mingi nililiweka juu ya meza yangu ya kazi, kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo.

Siku nilipokabidhi uongozi kwa mara ya mwisho, aliyenipokea alikuwa mhandisi msichana, mdogo kuliko watoto wangu. Nilimpa vitabu vya fedha, kumbukumbu za mikutano, na tofali lile. Sikumweleza habari zake. Yeye alilipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaligeuza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaligonga tena.

"Samahani, mzee," akasema, "hili mlililoweka kweli?"

Nikamjibu kwamba hatukuliloweka, kisha nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia.